Kifafa, Dawa Yake na Umri wa Mnyama

Voi, mji wa reli na malori uliokaa baina ya mashamba ya mkonge na mbuga ya Tsavo, ni nadra kuona boma lisilo na mbwa, kwa kuwa fisi, nyani na wezi hawana saa. Lakini mbwa huyo mlinzi akianguka ghafla, miguu ikapiga hewa kama anayeogelea, taya zikagongana, povu na mkojo vikamtoka, kisha baada ya dakika mbili akainuka akiyumba, haoni mbele, naye akalivamia bakuli la chakula kwa pupa, jirani wa kwanza hunena kwamba ni kichaa cha mbwa, na wa pili huja na rungu. Hadhari hiyo haina lawama, maana kichaa cha mbwa kikishadhihiri hakiponi. Ila huenda lililopo ni kifafa, maradhi yampatayo mbwa vilevile yampatavyo bin Adamu, na ambayo mojawapo ya dawa zake kwa wote wawili ni fenobabitoni, iliyotangazwa na tabibu Alfred Hauptmann wa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1912.

Kwa kuwa dawa hii ni rahisi kwa bei, mwenye mbwa hushawishika kuchukua vidonge vya mtu wa nyumbani, akavikata kwa kukisia uzito, wala asiulize umri. Hapo ndipo hatari ilipo.

Katika ubongo wa mnyama mzima iko kemikali iitwayo GABA, ambayo muradi wake ni kutuliza chembe za neva, na fenobabitoni huizidishia nguvu. Lakini katika mnyama mchanga mno, ambaye chembe zake zina kloridi nyingi kuliko za mkubwa, GABA hiyo hiyo huweza kuzichangamsha, hata dawa ya kutuliza ikapungukiwa na kazi yake pale ilipohitajiwa zaidi. Fauka ya hayo, mwaka 2002 wataalamu wa Berlin walionyesha ya kwamba panya wa siku saba, wakipewa fenobabitoni au baadhi ya dawa nyingine za kifafa, chembe za ubongo wao hufa kwa wingi. Panya si mtoto, wala mtoto si mbwa, na mimi si miongoni mwa wanaokimbilia kuhamisha hukumu ya maabara hadi kitandani. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba kitoto si mkubwa aliyepunguzwa uzito.

Jirani zetu wa Kilifi walipata funzo lililo karibu na hilo, lililochapishwa mwaka 2000. Watoto 340 waliopatwa na malaria ya ubongoni waligawanywa nusu kwa nusu, na nusu moja ikadungwa fenobabitoni, miligramu 20 kwa kila kilo. Degedege ilipungua, lakini katika waliodungwa walikufa 30, ilhali katika wenzao walikufa 14, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopewa pia diazepamu, dawa nyingine ya kuzima degedege, mara tatu au zaidi. Sisemi kuwa umri ndio uliowaua. Nasema kuzima degedege ni jambo moja, na kuokoa roho ni jambo jingine.

Turudi kwa mbwa. Kifafa kisicho na sababu ya wazi huanza aghalabu kati ya miezi sita na miaka sita. Degedege ikianza kabla au baada ya hapo, tabibu wa wanyama hutafuta kwanza sumu, maradhi au uvimbe. Ini la kitoto halijakomaa, kwa hiyo dawa hukawia mwilini; la mbwa mzima, likishazoea fenobabitoni, huivunja upesi, na ndiyo sababu damu hupimwa tena baada ya wiki kadhaa. Ama bromidi, dawa nyingine ya kifafa cha mbwa, ambayo hutolewa na figo na huchukua takriban siku 24 kupungua kwa nusu, hujikusanya katika mbwa mzee mwenye figo dhaifu. Kipimo kilichomfaa akiwa na miaka mitatu humlevya na kumlegeza miguu akiwa na miaka kumi na miwili.