ADABU ZA KUMJIBU MTUNZI



Kutunga ni tunu, na kumjibu mtunzi kwa uzuri ni tunu ya pili. Wazee wa pwani yetu waliyajua hayo zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliziendea beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo akazifanyia takhmisi: mishororo miwili ya asili aliitangulizia mitatu yake, ukawa ubeti wa mitano. Tazameni adabu iliyomo. Maneno ya mwenyewe yaliachwa mwisho, mahali pa heshima, na aliyekuja nyuma ndiye aliyefuata kina cha aliyemtangulia. Kadhalika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kujibizana kwa vina na mizani.

Leo vijana wetu hutunga kaswida, tenzi na hadithi kwa mapenzi tu, wakawasomea wenzao au wakazipeleka kwa simu. Ujira wao ni neno la msomaji. Neno hilo likiwa kejeli, kalamu hukauka. Tunamjua mwanafunzi wa miaka 13 aliyetunga kaswida ya Maulidi, na mtu mzima mmoja akaicheka mbele ya watu kwa ajili ya mizani mbili zilizopungua. Mtoto yule hajatunga tena.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amekataza watu kudharauliana, kwani huenda adharauliwaye akawa bora kuliko amdharauye. Tena amekataza kuitana majina mabaya. Katazo hilo halikumtoa msomaji wa mashairi.

Je, tunyamaze tuonapo kosa? La, hasha. Katika Hadithi iliyopokewa na Tamim ad-Dari, Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kuwa dini ni nasaha. Lakini nasaha ina njia yake. Kwanza, soma utungo wote kabla ya kuuhukumu. Pili, onyesha kosa mahali pake: shairi la mizani 16 likiwa na mshororo wa mizani 15, utaje mshororo huo. Kumwambia mtu kuwa hajui kutunga hakumfundishi kitu. Tatu, mwambie faraghani. Nne, usimdai sehemu ifuatayo kama adaiye deni. Yeye ametoa hiba. Tano, usiyependezwa, funga karatasi uende zako kwa salama.

Ama kosa likiwa la dini, kama kumnasibishia Mtume neno asilolisema, na utungo umekwisha kuenea, hapana budi lisahihishwe hadharani kwa dalili. Hapo pia tuna mfano. Mtume (S.A.W.) alipotaka kukanya jambo mbele ya watu, aghalabu aliuliza wana nini watu wafanyao kadha wa kadha, asimtaje mtendaji. Kosa lilikanywa, na uso wa mtu ukahifadhika.

Wala tusidhani kuwa sifa nyingi ndiyo dawa. Mtu alipomsifu mwenziwe kupita kiasi mbele ya Mtume (S.A.W.), aliambiwa kuwa amemkata shingo mwenziwe, Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi sifu kilicho chema kwa kadiri yake, useme ni kipi na kwa nini.

Mtunzi naye ana wajibu wake. Ashukuru, apime, achukue lililo la haki. Lisilo la haki aliache lipite, wala asilipe tusi kwa tusi, maana ugomvi wa maneno huwala wote wawili.

Enyi wazazi, mwanenu akiwaleteeni karatasi yake jioni, isomeni mpaka mwisho kabla ya kufungua midomo. Huenda huyo ndiye atakayewatungia wajukuu wenu kaswida ya kumsifu Mtume.

Wabillahi tawfiq.