Siku ya Hukumu: Kwa Nini Wakristo Huiita Pia Siku ya Tumaini?

Marehemu yuko wapi sasa? Atajibu nini mbele ya Mungu? Maswali haya huwajia wengi msibani, Rahaleo kama kwingineko. Hapa Mtwara Waislamu na Wakristo huzikana, na wote wanaamini ipo siku kila mtu atasimama mbele ya Mungu. Makala hii inaeleza Wakristo wanaitazamaje siku hiyo, na jinsi hofu yake inavyoweza kutumiwa kuwaangamiza watu.

Kusini mwa Tanzania mafundisho haya si mageni. Wamisionari wa UMCA walifungua kituo Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wote hukiri kwamba Yesu atarudi kuwahukumu walio hai na waliokufa.

Hakimu ni nani?

Hapa ndipo tumaini linapoanzia. Fikiria unaitwa mahakamani, na unapoingia unakuta hakimu ni yule yule aliyekulipia deni lako. Utakuwa na heshima, lakini hutatetemeka. Wakristo wanaamini kwamba atakayehukumu ni Yesu aliyekufa kwa ajili ya wenye dhambi. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya nne, unasema upendo wa Mungu humpa mtu ujasiri siku ya hukumu.

Ujasiri huo si ruhusa ya kuishi ovyo. Katika Mathayo sura ya 25, watu wanaulizwa kama waliwalisha wenye njaa, waliwapokea wageni na kuwatembelea wagonjwa na wafungwa. Walutheri hufundisha kwamba mtu huokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na matendo mema ni matunda ya imani hiyo. Wakatoliki hufundisha kwamba kila mtu huhukumiwa anapokufa, kisha ipo hukumu ya wote mwisho wa dunia. Pia wanaamini toharani, ndiyo maana huwaombea marehemu.

Kwa aliyeonewa, hukumu ni habari njema. Mjane aliyenyang'anywa shamba la mikorosho na ndugu wa mumewe, akakosa wa kumtetea, anaambiwa kwamba kesi yake haijafungwa.

Hofu inapogeuzwa biashara

Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi moja la kidini walitabiri kwamba dunia ingekwisha mwishoni mwa mwaka 1999. Wafuasi waliuza mali zao. Siku ikapita, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya watu wanaodaiwa kuhimizwa wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ilipatikana miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani na akakana mashtaka.

Mafundisho ya aina hiyo yanapingana na Biblia yenyewe. Mathayo 24 inasema hakuna anayeijua siku wala saa. Paulo naye aliwaandikia Wakristo wa Thesalonike, ambao baadhi yao waliacha kazi, kwamba wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Dalili za kuangalia

Kuwa macho ukisikia mhubiri:
- anataja tarehe ya mwisho wa dunia;
- anakutaka uuze shamba au nyumba na kumkabidhi fedha;
- anakataza watoto kwenda shule au wagonjwa kwenda hospitali;
- anakutenga na ndugu na majirani;
- anaamuru mfungo usio na mwisho.

Ukiona hayo, mweleze mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kiongozi wa dini unayemwamini, au polisi. Usisubiri, hasa kama kuna watoto.

Anayeitarajia siku ya hukumu kwa tumaini hupalilia shamba lake, hulipa madeni, hupatana na jirani aliyegombana naye na humpelekea mgonjwa uji. Siku ikija leo au baada ya miaka mingi, itamkuta akiwa kwenye kazi aliyopewa.