Kabla Basenji Wako Hajazaa: Mbwa wa Kongo, Karatasi za Marekani

Ukiishi Marekani na ukatoka upande wa Ituri au Uele, huenda yamekukuta haya: unapita kwenye bustani ya mjini, unamwona mbwa mdogo mwekundu, kifua cheupe, masikio wima, mkia umejikunja juu ya kiuno, uso umejaa mikunjo kama ana mawazo. Mwenyewe anakuambia kwa fahari kwamba ni Basenji, mbegu safi, ana karatasi. Wewe unamwona mbwa wa wawindaji wa kwenu. Ni yeye kweli. Habweki kama mbwa wengine, na akifurahi hutoa sauti ndefu inayopanda na kushuka. Kwa sababu ya ukimya huo, wawindaji wa misitu ya Kongo humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue yuko wapi anapomswaga mnyama kuelekea nyavuni.

Siku hizi baadhi yetu tunamfuga huku ughaibuni, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni lile lile: nina jike mwenye karatasi, nataka azae kwa mara ya kwanza hapa nyumbani, nianze na nini? Wengi hutarajia nianze na sanduku la kuzalia na taa ya joto. Mimi huanza na historia, maana kila kipimo utakachodaiwa na mfugaji makini kabla hajakuruhusu kutumia dume lake kimetoka humo.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hii walionyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts. Hawakukaa sana wakafa kwa ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliwapeleka Uingereza mbwa sita kutoka Sudan, nao wakafa baada ya kuchanjwa chanjo ya distempa ya wakati ule. Aliyefanikiwa ni Olivia Burn, mwanamke Mwingereza aliyewatoa Kongo miaka ya 1930. Mwaka 1937 mbwa wake walipoonyeshwa Crufts, watu walisongamana kuwaona. Mwaka huo huo wengine walivushwa hadi Marekani, distempa ikawafagia karibu wote, akabaki dume mmoja aliyeitwa Bois. Mwaka 1941 jike kijana aliyeitwa Congo aliwasili Boston kwa meli kutoka Afrika. Wawili hao walipandishwa, na watoto wao ndio Basenji wa kwanza kuzaliwa Marekani na kukua wakawa mbwa wazima.

Tazama msingi huo ulivyo mwembamba. Miaka ya 1940 American Kennel Club, chama kinachotunza daftari la nasaba za mbwa tangu 1884, kikawaandikisha Basenji, na daftari likafungwa. Kufungwa maana yake ni kwamba mtoto haandikishwi mpaka baba na mama wote wamo daftarini. Hapo ndipo usafi wa mbegu unapotoka, na ndipo pia matatizo yake yanapotoka, kwa kuwa mbwa wachache wanazaliana wenyewe kwa wenyewe kizazi baada ya kizazi, na ugonjwa uliojificha katika damu ya mmoja unasambaa kwa wote.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwanza ulionekana upungufu wa damu wa kurithi, chembe nyekundu zikivunjika kabla ya wakati wake. Miaka ya 1970 kipimo cha damu kiliweza kuwatambua hata wabebaji, yaani mbwa wenye afya lakini walio na nakala moja ya jeni mbovu. Wafugaji wakaacha kabisa kuwazalisha wabebaji hao. Nia ilikuwa njema, ila damu iliyokuwa chache ikapungua zaidi, na ugonjwa mwingine ukapata nafasi: Fanconi. Huu hushika figo. Badala ya kurudisha sukari, chumvi na protini mwilini, figo huziachia zitoke na mkojo. Mbwa hunywa maji bila kutosheka, anakonda, na asipotibiwa hufa. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida hujitokeza kati ya miaka minne na minane, wakati jike ameshazaa na watoto wake nao wameshazaa.

Msaada wa kwanza ulitoka Kongo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, wakachukua mbwa kutoka vijijini. Mwaka 1990 American Kennel Club ilifungua daftari na kuwapokea, wakiwemo wale wa michirizi myeusi juu ya rangi nyekundu, na likafunguliwa tena kati ya 2009 na 2013. Msaada wa pili ulitoka maabara: mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha awali cha DNA cha Fanconi, na mwaka 2011 kikapatikana kipimo cha jeni yenyewe. Mimi huona fahari kila ninapolisimulia hili. Mbegu iliyokuwa inazama kwa sababu ya daftari iliokolewa na mbwa wa vijiji vyetu ambao hakuna aliyewahi kuwaandika popote.

Kipimo hicho unakisoma hivi. Mtoto huugua akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama. Ukiwapandisha wabebaji wawili, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Ukimpandisha mbebaji kwa mbwa aliye safi, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa nusu yao kwa wastani watakuwa wabebaji. Kwa hiyo mbebaji mwenye tabia nzuri na mwili mzuri hatupwi. Anatafutiwa mwenza aliye safi. Somo la miaka ya 1970 lilikuwa ghali, tusilirudie.

Sasa tuje nyumbani. Mbwa wengi hupata joto mara mbili kwa mwaka. Jike wa Basenji hupata mara moja, kwa kawaida siku zinapozidi kufupika, Septemba hadi Novemba. Mimba huchukua siku 63 hivi, ndiyo maana watoto huja kipindi cha Krismasi, theluji ikiwa imelala nje. Usimpandishe kwenye joto la kwanza. Cheti cha mwisho cha nyonga kutoka OFA, shirika la Missouri linalotunza matokeo ya vipimo vya mbwa, hakitolewi kabla ya miezi 24. Subiri. Na macho, tezi ya shingo na Fanconi vipimwe pia.

Sanduku liwe na kingo za mti ndani pembeni, mama asiwabane watoto ukutani, na liwekwe mbali na mlango. Wiki ya kwanza joto la pale walipolala liwe kati ya nyuzi za Selsiasi 29 na 32, kisha ulipunguze polepole. Kaskazini mwa Marekani katika Desemba hili ndilo jambo la kwanza, kwa sababu mtoto mchanga wa mbwa hawezi kujipasha mwenyewe. Anazaliwa na gramu 200 hivi, kipofu, kiziwi, hawezi hata kukojoa mpaka mama amlambe. Ukimkuta baridi mdomoni na amelegea, usikimbilie kumpa maziwa. Tumbo la baridi halisagi chochote. Mwingize ndani ya shati, kifuani kwako, umpashe taratibu mpaka aanze kujinyonganyonga na kutafuta, ndipo umweke kwenye chuchu.

Joto la mwili wa mama likishuka hadi karibu na nyuzi 37, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Hapo kazi yako ni kukaa kimya na kuangalia. Basenji ni mama hodari: anapasua utando, anakata kitovu, analamba mpaka mtoto alie. Lakini ute wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza, au akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au zikipita saa mbili ukijua bado kuna mtoto ndani, mpigie daktari wa mifugo usiku huo huo. Na usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba ukidhani unamsaidia. Mwili wake utasahau kuitoa mifupani, na akianza kunyonyesha anaweza kutetemeka, kukakamaa, hata kufa.

Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, lazima watoto wainyonye siku ile ile ya kwanza, ndiyo kinga yao. Mzani wa jikoni utakuambia mengi kuliko macho: kila mtoto afungwe uzi wa rangi yake shingoni, apimwe kila siku saa ile ile. Asiyeongezeka siku mbili mfululizo ana tatizo. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, kwa sababu minyoo huwapata tangu tumboni, na chanjo ya distempa kati ya wiki ya sita na ya nane. Ugonjwa uliowaua Basenji wa 1895 bado upo.

Najua kuna ndugu zetu ambao kwao mbwa haingii ndani ya nyumba, na naheshimu. Ila kwa uzao huu, ukiwaweka mama na watoto kwenye stoo ya uani, watakosa kitu kingine zaidi ya joto. Huko Bar Harbor, jimbo la Maine, watafiti John Paul Scott na John Fuller walichunguza mbegu tano kwa miaka mingi, Basenji akiwa mmojawapo, na kitabu chao cha 1965 kilionyesha kwamba wiki ya 3 hadi ya 12 ndiyo mbwa hujifunza kumzoea binadamu. Mtoto wa Basenji asiyeshikwa, asiyesikia sufuria, redio na watoto wa nyumbani katika wiki hizo, hukua na woga ambao mnunuzi wake atauona kila siku. Mshikeni nyote, kwa zamu, na asiondoke kabla ya wiki nane.

Halafu karatasi. Karatasi ya American Kennel Club inathibitisha mtoto huyu ni wa nani. Haisemi chochote juu ya figo zake. Matokeo ya afya yako kwenye hazina ya OFA, wazi kwa yeyote, unatafuta kwa jina la mbwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipia dume, na kabla hujanunua mtoto kwa mtu yeyote, awe mzungu au mwenzetu, fungua ukurasa huo uyatafute majina ya wazazi wote wawili. Usipoyakuta, usitoe pesa.