Difu ya Mtumba: Hesabu Meno Kwanza

Likizo ya mwezi wa kwanza, Ruanda, mvua imelowesha udongo mpaka pikipiki zinasukumwa. Mjomba ana pikapu ya four wheel ya kupelekea mbolea kwenye kahawa, na wiki ile ilikuwa imetoka gereji na difu ya nyuma ya mtumba. Kwenye tope ilikwenda vizuri tu. Tulipopanda lami ya TANZAM akasahau kutoa four wheel. Usukani ukawa mgumu, gari likavuta kama breki zimeshika, kisha ukasikika mlio mmoja chini ya miguu yetu. Transfa imevunjika.

Fundi akasema ni uzee. Wala.

Ndani ya difu kuna piniani, inayozungushwa na propela shafti, na krauni, inayozungusha ekseli. Krauni ikiwa na meno 41 na piniani 10, uwiano ni 4.1: shafti izunguke mara 4.1 ndipo tairi lizunguke mara moja. Toyota hizi tunazozijua, nyingine zina 4.1, nyingine 4.3 (meno 43 kwa 10), na zipo nyinginezo. Kwa nje difu zinafanana kama pacha, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Kwenye pikapu za namna hii, ukiweka four wheel, transfa inafunga shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. Katikati hakuna difu ya tatu ya kusawazisha. Sasa weka 4.1 mbele na 4.3 nyuma: nyuma ikienda kilomita moja, mbele inataka kwenda mita 1,049. Kwenye tope tairi linateleza, tofauti inaishia hapohapo. Kwenye lami halina pa kuteleza, kwa hiyo msokoto unajikusanya kwenye shafti na transfa mpaka kitu kikatike. Ukitembelea two wheel tu, unaweza kukaa miezi bila kujua.

Kuna anayesema, basi hamishia krauni na piniani zako za zamani kwenye difu uliyonunua. Taratibu. Hizo mbili zimesagwa pamoja kiwandani, hazitenganishwi. Halafu kuna keria, ile nyumba inayobeba krauni. Uwiano ukipanda, piniani huwa nyembamba, na krauni lazima isogee kuifuata. Ndiyo maana difu ya Dana 44, iliyofungwa kwenye Jeep nyingi, ina keria moja ya uwiano wa 3.73 kushuka na nyingine ya 3.92 kupanda. Ukikosea keria, meno hayakutani inavyotakiwa, hata ufunge bolti kwa nguvu gani.

Kupima hakuhitaji maabara. Tia mawe matairi ya mbele, inua tairi moja la nyuma, gia nyutro, achia handbreki. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye shafti. Kama hakuna difu loki, zungusha tairi mara 20 huku mwenzako akihesabu shafti: 41 ni 4.1, 43 ni 4.3. Difu iliyoko chini dukani ni rahisi zaidi, hesabu meno ya krauni ugawe kwa ya piniani.

Ya mjomba tuliipima gari likiwa limeshalala. Mbele 41, nyuma 43. Hela ya transfa ilitoka kwenye mbolea ya awamu ya pili.