Projekta Badala ya Televisheni: Masharti ya Sinema ya Nyumbani katika Kata ya Ngorongo, Wilaya ya Rufiji

Ikisiri

Makala haya yanafafanua masharti yanayotawala matumizi ya projekta badala ya televisheni katika kaya za kata ya Ngorongo, wilayani Rufiji. Hoja kuu ni kwamba projekta si televisheni kubwa. Ni chombo kinachotegemea giza, na ubora wa picha yake hutokana na uwiano wa mwanga na eneo. Kwa kutumia hesabu za mwanga na umeme, makala yanaonesha kuwa usiku wa Ngorongo hutatua tatizo la giza bila gharama ya fedha, lakini huiachia kaya masuala matatu ya kuamua: ukubwa wa picha, akiba ya umeme, na mpaka kati ya nyumba na umma.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya Tanzania, picha ya pazia iliwafikia wanavijiji kabla ya televisheni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema ya elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa lori lililobeba projekta. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Baadaye vibanda umiza, ambamo watu hulipa kiingilio na kutazama filamu au mpira wakiwa wamebanana mbele ya kioo kimoja, viliendeleza desturi ya kutazama kwa pamoja.

Projekta ndogo za LED zimeiweka picha kubwa mikononi mwa kaya. Hata hivyo, miongozo mingi kuhusu sinema ya nyumbani huchukulia kuwa mtumiaji ana chumba maalumu, mapazia mazito na umeme usiokatika. Kaya inayonunua chombo hiki kwa fedha ya mavuno ya ufuta au korosho haina nafasi ya kukosea. Kwa hiyo, masharti hayo yanapaswa kuchambuliwa upya kwa kuzingatia mazingira ya kaya yenyewe.

2.0 Giza kama rasilimali

Televisheni hutoa mwanga wake yenyewe, na sehemu nyeusi za picha hubaki nyeusi hata mchana. Projekta haiwezi kutoa weusi, kwani weusi wa picha yake ni ule uliokuwapo pazianl kabla haijawashwa. Kwa sababu hiyo, mchana picha hufifia hata kama chombo ni cha gharama kubwa.

Katika jambo hili Ngorongo ina nafuu ya kijiografia. Kwa kuwa kata ipo takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, mwaka mzima jua huchwa baada ya saa 12 jioni na kabla ya saa 1 usiku, na utusitusi huwa mfupi. Ifikapo saa 1 na nusu usiku, ua wa nyumba huwa na giza la kutosha. Jijini London mwezi Juni, jua huchwa baada ya saa 3 usiku. Kinachohitaji chumba kilichozibwa huko, hapa hupatikana uani.

Giza hilo lina gharama nyingine. Rufiji ni eneo lenye malaria, na chandarua humkinga aliye ndani yake tu. Familia inayokaa nje kwa saa mbili na nusu inahitaji kinga ya ziada, hususani nguo ndefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu.

3.0 Mwanga na eneo la picha

Picha ya inchi 100 yenye uwiano wa 16 kwa 9 ina upana wa meta 2.21 na kimo cha meta 1.25, yaani eneo la meta mraba 2.76. Projekta yenye lumeni halisi 500 huliangazia eneo hilo kwa takriban laksi 181. Pazia jeupe lisilong'aa hugeuza kiasi hicho kuwa kandela 58 kwa meta mraba, ambacho ni zaidi ya kandela 48 zinazotumika kama kiwango cha kumbi za sinema. Picha ikikuzwa kufikia inchi 150, mwanga huohuo husambaa kwenye meta mraba 6.2, na ung'avu hushuka hadi kandela 26.

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni inayojitokeza ni kwamba upana wa picha ukiongezeka mara mbili, ung'avu hupungua hadi robo. Mwenye projekta hafifu ya lumeni 200 atapata picha nzuri zaidi kwa inchi 80 kuliko kwa inchi 100.

Aidha, mnunuzi anapaswa kutofautisha lumeni za ANSI, ambazo hupimwa katika nukta tisa za picha, na maelfu ya "lumeni" yanayotajwa bila kipimo. Vilevile, mwonekano ambao projekta inaweza kuupokea si lazima uwe mwonekano inaouonesha. Kinachofaa kuulizwa dukani ni mwonekano halisi.

4.0 Pazia

Ukuta uliopigwa lipu na kupakwa chokaa ni pazia linalofaa, kwa kuwa chokaa hutawanya mwanga bila kumetameta. Ukuta wa fito na udongo haufai kwa sababu ya mabonde yake. Badala yake, kitambaa cha marekani kilichovutwa kwenye fremu ya mbao hutosha. Kwa kuwa marekani hupitisha sehemu ya mwanga, kaniki ikishonwa nyuma yake huuzuia mwanga wa taa za jirani, na ikizungushwa pembezoni huifanya picha ionekane kali zaidi.

5.0 Umeme na mawimbi

Dai kwamba projekta hutumia umeme kidogo kuliko televisheni linahitaji kuangaliwa kwa tahadhari. Televisheni ya LED ya inchi 32 inayotumia wati 40 huhitaji wati-saa 100 kwa saa mbili na nusu. Projekta ya LED ya wati 100 pamoja na spika ya wati 20 huhitaji wati-saa 300 kwa muda huohuo, na takriban 350 upotevu wa inveta ukijumuishwa.

Kwa kaya inayotegemea sola, betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 75 hubeba wati-saa 900, lakini haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu. Zinazobaki ni 450, yaani filamu moja kwa usiku. Paneli ya wati 100, kwa saa tano za jua na upotevu wa robo, hurudisha takriban 375. Siku za mawingu mfululizo wakati wa masika huvunja mzunguko huo.

Zaidi ya hayo, projekta nyingi hazina kipokezi cha televisheni. Taarifa ya habari hupatikana kwa kuunganisha king'amuzi kupitia waya wa HDMI.

6.0 Nyumba na umma

Picha ya uani huonekana na jirani, na sauti yake husikika mbali zaidi. Katika jamii ambayo wengi wake ni Waislamu, kuanza baada ya swala ya Isha ni suala la adabu. Kumkaribisha jirani ni ujirani mwema. Kumtoza kiingilio ni jambo jingine: nyumba huwa imegeuka kibanda umiza. Maonesho ya hadhara hutawaliwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na haki za wenye kazi hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Ukubwa wa picha hauvuki mpaka huo. Unaovuka ni uamuzi wa kuwatoza watazamaji na kulifanya onesho kuwa la hadhara.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa projekta huifaa kaya inayotazama usiku, kwa pamoja, na yenye akiba ya umeme ya kutosha. Kaya inayotegemea habari za mchana, au yenye betri ndogo, hunufaika zaidi na televisheni. Kwa hiyo, inapendekezwa kuwa hesabu ya lumeni, eneo na wati-saa itangulie ununuzi, kwani makosa yake hayawezi kurekebishwa baada ya fedha ya mavuno kutumika.