Mtoto "Chubby": Neno Hili Lina Maana Gani?

  

Siku ya kliniki, mama akifunua shali, wenzake kwenye benchi husema, "Huyu ni chubby kweli!" Naye hutabasamu. Aliye kando yake, mwenye mtoto mwembamba, huinamisha kichwa. Je, neno hili lilitoka wapi?

"Chubby" ni neno la Kiingereza lenye maana ya mnene wa mviringo, aliyejaajaa. Asili yake ni samaki. Katika mito ya Uingereza kuna samaki aitwaye chub, mwenye mwili mnene na kichwa kikubwa. Tangu karne ya 17 Waingereza walimfananisha mtu mfupi mnene na samaki huyo. Baadaye likawa neno la kusifia mashavu ya watoto.

Kwa hivyo mama, neno hili linaeleza umbo tu. Halisemi kwamba mtoto ana afya.

Kwanza, usivunjwe moyo na wembamba. Tazama chati ya uzito katika kijitabu cha kliniki. Ikiwa mstari wa mtoto wako unapanda vizuri mwezi baada ya mwezi, anakua. Usimpe uji wala maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi 6 ili anone. Maziwa yako pekee yanamtosha.

Pili, kujaa si kunona daima. Kuna ugonjwa wa utapiamlo uitwao unyafuzi, au kwashakoo. Jina hilo la pili lilitoka katika lugha ya Kiga ya Ghana, nalo lahusu ugonjwa unaompata mtoto anapoachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Daktari Cicely Williams aliliandika katika jarida la madaktari mwaka 1935. Mtoto huyu huvimba miguu, na pengine uso. Jirani atamsifu kuwa amenona, kumbe ni maji! Hata mizani yaweza kukudanganya, kwa kuwa maji nayo yana uzito.

Fanya hivi. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya miguu yote miwili, huku ukihesabu sekunde 3, kisha achilia. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili nyingine ni nywele kuwa nyekundu na kunyofoka, ngozi kubambuka, unyonge na kukataa chakula.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa pia mkono kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani hatari. Kuanzia 12.5 ni kijani. Lakini hata akiwa kwenye kijani, miguu ikiwa imevimba, usingoje.

Mama, sifa za benchi zipokee kwa tabasamu. Afya ya mtoto iulize kwenye chati, utepe na miguu yake.