Picha za Watu wa Mpakani

Mtu wa mbali akitajiwa Goma, huwaza mambo mawili tu: moto wa mlima Nyiragongo na askari. Si ajabu, kwa kuwa miaka mingi ameletewa picha za namna hiyo. Hatusemi kwamba ni za uongo. Mwezi wa januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, na vita tumeviona. Lakini picha ya kweli nayo yaweza kudanganya, ikiwa imeachwa peke yake.

Twendeni basi Petite Barrière, kizuizi kidogo kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda. Kabla ya 2020 walivuka hapo makumi elfu ya watu kila siku, wengi wao kwa miguu. Mama amejitwika beseni la nyanya, mtoto yuko mgongoni. Nyuma yake mtu asiyeweza kutembea aendesha kwa mikono baiskeli yake ya magurudumu matatu, iliyojaa magunia hata mwenyewe haonekani. Upande wa Goma chukudu, ile baiskeli ya mti, yangoja mzigo wa kupeleka sokoni. Chakula cha jioni hutoka hapo, na karo ya shule vilevile.

Mwezi wa machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Magari ya mizigo yaliendelea kuruhusiwa. Wakati huohuo Finbarr O'Reilly, aliyepewa tuzo ya Carmignac ili apige picha katika Kongo, hakuweza tena kusafiri. Basi aliwaita wapiga picha wenyeji, na kazi yao ikatolewa kwa jina la Congo in Conversation. Kati yao walikuwamo Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo na Arlette Bashizi, wanaoijua Goma kama mtu ajuavyo ua wa kwao. Bashizi aliwapiga picha wadogo zake wakijisomea nyumbani, shule zikiwa zimefungwa. Mgeni angeipataje picha hiyo? Angebaki mlangoni akipiga hodi.

Hata hivyo uenyeji hauondoi shida zote. Kizuizini askari hawapendi kuona chombo cha kupigia picha, na mama mwenye beseni ana haki ya kukataa. Huenda ana nyanya kuliko alizowatajia watu wa ushuru! Twaona yafaa asalimiwe kwanza, kisha aulizwe, na baadaye aletewe picha yake mkononi. Wapiga picha wengi huahidi hivyo. Wanaorudi ni wachache.

Moto wa 2002 uliunguza maelfu ya nyumba, pamoja na picha za arusi na za ubatizo zilizokuwamo. Ikiwa mmebakiwa na picha ya bibi yenu akirudi kutoka Gisenyi na mzigo wake, andikeni nyuma yake mwaka, mahali na majina ya watu, wakati wazee wangali wakikumbuka.